Kibali na Darasa: Mhadhara kuhusu Silaha na Mafunzo katika Meru na Embu



Majimbo 29 kati ya 50 ya Marekani leo yanamruhusu mtu mzima ambaye sheria haijamzuia kumiliki bunduki awe hadharani na bastola aliyoificha mwilini bila kibali chochote. Miaka 40 iliyopita, jimbo lililoruhusu hivyo lilikuwa moja tu, Vermont. Kwingineko, aliyetaka kibali cha kutembea na bastola alijaza fomu, akatoa alama za vidole, na katika majimbo kadhaa akaketi darasani, akafundishwa sheria, kisha akapelekwa uwanjani kulenga shabaha mbele ya mkufunzi. Sasa kibali kimeondolewa. Je, darasa limebaki na wanafunzi?

Mtu wa Igembe au wa Mbeere anaweza kuuliza jambo hilo linamhusu nini. Linamhusu sana. Nasema mapema ninachokiamini, ili anayetaka kunipinga ajiandae: watu wengi hawaendi kujifunza matumizi ya silaha kwa kupenda elimu. Wanakwenda kwa sababu kibali kinadai hivyo. Kibali kikiondoka, wengi wao huondoka nacho. Huku kwetu sheria haijaondoa kibali, lakini bunduki nyingi zimo mikononi mwa watu ambao kibali hakijawahi kuwafikia. Kwa hiyo mafunzo nayo hayajawafikia. Marekani ililiondoa darasa kwa kura za mabunge yake. Sisi tumelikosa kwa namna nyingine, na gharama yake tunaijua.

Yaliyotokea Marekani

Alaska iliondoa sharti la kibali mwaka 2003, Arizona mwaka 2010. Texas ilifuata tarehe 1 Septemba 2021, Ohio Juni 2022, Florida Julai 2023. Mwaka 2024 zikajiunga Louisiana na South Carolina. Katika majimbo hayo kibali hakikufutwa kabisa. Bado kinatolewa kwa anayekitaka, ila si lazima tena.

Tazameni kilichokuwa ndani ya kibali hicho. Texas ilidai kozi ya saa 4 hadi 6 na mtihani wa kufyatua risasi 50. Ohio ilidai saa 8, na 2 kati ya hizo ziwe uwanjani, silaha yenye risasi halisi ikiwa mkononi. Kozi hizo hazikufanya mtu kuwa askari. Zilimfundisha mambo machache ya msingi: aichukulie kila bunduki kuwa ina risasi, asiweke kidole kwenye kifyatulio kabla ya kuamua kufyatua, ajue sheria inamruhusu kujitetea wakati gani na inamfunga wakati gani, na aihifadhi silaha mahali ambapo mtoto hawezi kuifikia. Ni machache, lakini kila moja lina maiti nyuma yake.

Mwaka 2021, mwaka wa mwisho kamili wa sharti la zamani, masherifu wa Ohio walitoa leseni zaidi ya 200,000, mpya na za kuhuishwa kwa pamoja. Miaka miwili baada ya sharti hilo kutenguliwa, leseni zilikuwa zimeshuka chini ya nusu. Wakufunzi waliokuwa wakijaza ukumbi kila Jumamosi wakabaki na viti vitupu. Bunduki hazikupungua. Zilizopungua ni zile Jumamosi.

Ni haki kusema pia yale yanayokwenda kinyume na hoja yangu. Arizona ilipoondoa sharti mwaka 2010, idadi ya wenye vibali haikuanguka. Iliendelea kupanda kwa miaka kadhaa. Kwa nini? Kwa sababu kibali kilikuwa na faida nyingine. Mwenye nacho aliweza kuingia na bastola yake katika majimbo mengine yanayokitambua. Katika majimbo kadhaa, kibali humwepusha mnunuzi na kusubiri uchunguzi dukani kila anaponunua silaha. Sheria ya shirikisho inayokataza bunduki karibu na shule nayo inamwachia nafasi mwenye leseni ya jimbo lake. Watu wa Arizona waliendelea kuitafuta karatasi kwa sababu ilikuwa na thamani. Lakini sheria hiyohiyo ya 2010 ililegeza pia masharti ya mafunzo ya kupata kibali, na ile kozi ya saa 8 ikaacha kuwa lazima. Karatasi ikapendwa kama zamani huku elimu iliyokuwa nyuma yake ikipungua.

Nadhani hapa ndipo tunapofikia kiini. Mtu hufuata faida ya kibali. Elimu anayoipata njiani ni ile tu ambayo sheria imeiweka njiani. Ukiiweka nyingi, atapata nyingi. Ukiiweka kidogo, atapata kidogo. Usipoiweka, wachache wenye bidii watajitafutia, na wengine watajifunza kwa matokeo ya makosa yao. Wahenga walishasema: asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Kwa bunduki, ulimwengu hufundisha mara moja tu, na mara nyingi anayelipa karo ni mtu mwingine.

Nawaomba mlipime hilo kwa kitu mnachokiona kila asubuhi. Sheria yetu inamtaka mwendesha bodaboda awe na leseni, na leseni inamtaka apite shule ya udereva na mtihani. Lakini katika njia za ndani za Maua au Runyenjes, ambako hakuna anayemsimamisha, kijana hununua pikipiki leo na kesho anabeba abiria watatu. Haoni sababu ya kulipa karo. Siku polisi wanapokaza msako, ofisi za shule za udereva hujaa. Msako ukipoa, zinapoa nazo. Wanaohudumu katika hospitali za rufaa za Meru na Embu wanaweza kutuambia kipindi kati ya msako na msako kinagharimu nini. Kijana yule si mjinga wala si mkaidi kuliko sisi. Amefanya hesabu ambayo binadamu yeyote angeifanya.

Sheria yetu inasema nini

Katiba yetu ya 2010 haina haki ya raia kubeba silaha. Ina haki ya kila mtu kuwa salama, katika Kifungu cha 29, na inaukabidhi ulinzi wa taifa kwa majeshi, idara ya ujasusi na Huduma ya Taifa ya Polisi. Kwa hiyo bunduki mkononi mwa raia wa Kenya ni ruhusa inayotolewa kwa masharti, na inaweza kuchukuliwa.

Masharti hayo yamo katika Sheria ya Silaha za Moto, Sura ya 114, iliyoanza kutumika mwaka 1954. Anayeomba cheti lazima awe na sababu ya kuridhisha, asiwe mlevi wa kupindukia wala mwenye akili isiyotulia, na asiwe hatari kwa amani ya watu. Aliyepewa cheti anapaswa kuihifadhi silaha mahali salama, na sheria inamwadhibu akiibeba amelewa au akifanya fujo. Anayekutwa na silaha ya kawaida bila cheti anakabiliwa na kifungo cha kati ya miaka 5 na 10. Kwa silaha za kivita kama AK-47 na G3, ambazo raia hapewi cheti chake kabisa, adhabu ni nzito zaidi na inaweza kufika kifungo cha maisha.

Mwaka 2014, Bunge lilipobadilisha sheria kadhaa za usalama kwa pamoja, liliunda Bodi ya Leseni za Silaha na kuipa jukumu ambalo nataka mlikumbuke mkitoka hapa. Bodi haikutwikwa kutoa na kufuta vyeti tu. Ilitwikwa pia kupima ustadi wa wenye silaha mara kwa mara, na kusajili na kusimamia viwanja vya kulenga shabaha. Hata Itifaki ya Nairobi ya Aprili 2004, ambayo Kenya na majirani zake walitia saini, inazitaka nchi hizi ziwe na kanuni za kuhifadhi silaha kwa usalama na kuzitumia kwa umahiri, pamoja na kumpima anayeomba. Darasa, basi, limo ndani ya sheria yetu. Limeandikwa.

Tuliona pia nguvu ya cheti kuwaleta watu. Desemba 2018 serikali iliwaamuru raia wote wenye silaha halali wafike wahakikiwe upya katika muda wa siku 90 na kupata vyeti vipya vya kielektroniki, la sivyo wahesabiwe kuwa wanamiliki silaha kinyume cha sheria. Watu waliokuwa wamekaa na bastola miaka mingi bila kuulizwa lolote walipanga foleni. Kilichowaleta ni hofu ya kupoteza cheti. Serikali ikishika cheti, inaweza kumwita mwenye silaha, ikamtazama usoni na kumuuliza anajua nini. Mahali ambapo cheti hakipo, haina pa kumshika.

Mlima Kenya umeshayaona haya

Mwaka 1954, Sheria ya Silaha za Moto ilipoanza, Meru na Embu zilikuwa ndani ya Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria mbili za bunduki kwa watu wa mlima mmoja. Aliyekuwa upande wake aliingizwa katika kikosi cha homgadi, akaapishwa, wengi wakianza na mikuki na baadaye kukabidhiwa bunduki. Aliyekuwa upande wa wapiganaji wa Mau Mau msituni aliweza kunyongwa kwa kukutwa na bunduki au hata risasi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa mashtaka ya Mau Mau, na wengi wao hawakushtakiwa kwa kuua mtu.

Wapiganaji wa msituni walitengeneza bunduki kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na vipande vya mpira. Bunduki hizo ziliweza kumpasukia aliyezishika. Kwa hiyo aliyezijua silaha alikuwa hazina. Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyewaongoza wapiganaji wa Mlima Kenya hadi alipokamatwa Januari 1954, alikuwa amehudumu Burma katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ujuzi aliopewa na Mwingereza aliurudisha mlimani. Musa Mwariama, shujaa wetu wa Meru, alidumu msituni hadi uhuru wa 1963. Watu hawa walijua kwamba silaha bila mafunzo na bila nidhamu huwamaliza wenyewe kabla ya kumfikia adui.

Mfano wa pili ni wa uwindaji. Mwaka 1934 wawindaji wa kulipwa walianzisha chama chao Nairobi, wakaweka taratibu kali za nani aitwe mwindaji. Kijana alianza kama mwanafunzi chini ya mzoefu, akajifunza bunduki, nyayo, sheria na wanyama kabla ya kuruhusiwa kumwongoza mgeni. Chama hicho kilikuwa cha Wazungu zaidi, na Mtharaka au Mmbeere aliyejifunza upinde kwa babu yake aliitwa jangili. Dhuluma hiyo naitaja kwa sababu ilikuwa kweli. Lakini tazameni kilichotokea baadaye. Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na mwaka huohuo chama kikavunjwa. Leseni ilipokufa, shule yake ilikufa nayo.

Bunduki za maporini, hata hivyo, hazikuisha. Novemba 1988 majangili waliwaua vifaru weupe watano katika Mbuga ya Taifa ya Meru, wanyama waliokuwa wakilindwa na askari. Agosti 1989 mhifadhi wa wanyamapori George Adamson aliuawa Kora, ng'ambo ya Mto Tana. Waliofanya hayo hawakuwa na leseni za mtu yeyote. Wenye nia njema waliweka bunduki chini walipoambiwa, na wengine wakaendelea.

Mpakani leo

Sasa tuje kwenye uzito wa jambo. Shirika la utafiti la Small Arms Survey lilikadiria mwaka 2018 kwamba raia wa Kenya walikuwa na silaha za moto zipatazo 750,000. Zilizosajiliwa zilikuwa takriban 8,000. Hata tukikubali kwamba makadirio ni makadirio, maana yake haifichiki: katika kila silaha 100 zilizo mikononi mwa raia wa nchi hii, karibu 99 hazina cheti. Texas ilijadili miaka mingi kabla ya kuruhusu silaha zibebwe bila kibali. Sisi tunaishi hivyo, bila kujadili.

Silaha hizo zilikuja kwa njia tunazozijua. Jeshi la Idi Amin lilipoanguka mwaka 1979, ghala la silaha la Moroto huko Uganda lilivunjwa na bunduki zikatapakaa Karamoja na Turkana. Mwaka 1991 serikali za Somalia na Ethiopia zilianguka, na bunduki zikauzwa kwa bei ya mbuzi wachache. Vita vya Sudan Kusini vikaongeza. Zilifika Isiolo na Samburu, na kutoka huko zikawafikia wezi wa mifugo wanaoingia Igembe Kaskazini, Tigania Mashariki na Buuri. Watu wa Mutuati na Ndumuru hawahitaji kusimuliwa. Wanajua usiku wa mbwa kubweka na asubuhi ya zizi tupu, na wanajua makaburi.

Embu ina amani zaidi, na namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini hakuna ukuta kati ya Nyambene na Mbeere. Bunduki iliyotumika kuiba ng'ombe huweza kukodishwa kwa jambazi wa barabarani, na jambazi haulizi mpaka wa kaunti.

Hapa ndipo tatizo letu linapozidi lile la Marekani. Mtu wa Texas asiye na kibali bado anaweza kwenda darasani akipenda. Sheria ya 2021 ya jimbo hilo iliagiza hata somo la bure la usalama wa silaha liwekwe kwenye intaneti. Mtu wa mpakani kwetu aliyenunua AK-47 kulinda ng'ombe wake hawezi kwenda popote. Akimuuliza mtu jinsi ya kuihifadhi, ameshajifunga mwenyewe. Kwa hiyo anaificha juu ya dari au chini ya magunia, risasi zikiwa ndani, na watoto wanacheza hapo chini. Akifa, mwanawe anairithi bila neno moja la mafunzo. Ukimya unaozaliwa na uharamu unaua kama risasi yenyewe.

Katikati ya mwenye cheti na mwenye silaha haramu yuko polisi wa akiba. Kikosi hiki kilianzishwa mwaka 1948, na Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011 ikakipa jina na nafasi mpya. Ni wanavijiji wanaojitolea na kupewa bunduki za serikali kulinda majirani pale polisi walipo mbali. Wengine ni mashujaa waliokufa wakifuata nyayo za mifugo ya watu wengine. Lakini kwa miaka mingi bunduki iliweza kumfikia mtu kabla ya mafunzo ya kutosha, na mwenye silaha bila mshahara hukutana na vishawishi. Mwaka 2019 serikali iliwanyang'anya silaha polisi wa akiba katika maeneo ya wafugaji, kwa madai kwamba baadhi yao walizitumia vibaya. Wezi hawakunyang'anywa. Vijiji vikabaki wazi, wananchi wakalia, na baadaye serikali ikalazimika kuwarudisha. Kutoa bunduki bila darasa lilikuwa kosa, na kuichukua bila kuweka ulinzi mwingine lilikuwa kosa la pili.

Majirani zetu wa Tanzania wana utaratibu wa mgambo ambao unafaa kutazamwa. Kijana hufunzwa kwanza, kwa miezi, chini ya maafisa wa jeshi, akajifunza kwata, silaha, sheria na utii. Akihitimu ndipo anapoweza kutafuta kazi ya ulinzi. Cheti cha mgambo kina soko, na kwa sababu kina soko, vijana wanajitokeza kufundishwa. Ni kanuni ileile tuliyoiona Ohio, ikifanya kazi kwa faida ya watu.

Jibu kwa mwenye zizi

Nasikia swali la mtu wa Tigania, na ni swali la haki. Atasema: “Mwalimu, wanakuja na bunduki za kivita usiku, kituo cha polisi kiko kilomita nyingi, nawe unaniambia habari za cheti na darasa?” Ataongeza kwamba cheti ni cha tajiri wa Nairobi, mwenye kampuni na wakili. Mtu mwenye ng'ombe kumi hakipati.

Wanaotetea ubebaji silaha bila kibali Marekani nao husema hivyo: kibali ni kodi juu ya usalama wa maskini. Siwezi kuwabeza. Ada na safari humzuia maskini kabla ya kumzuia mwovu. Lakini kama kinachomzuia ni bei, tupunguze bei. Mwaka 2017 Texas ilishusha ada ya leseni kutoka dola 140 hadi 40 na ikabakiza kozi. Hilo lilikuwa jambo la busara. Miaka minne baadaye ikaondoa sharti lenyewe, na hapo ndipo ninapoachana nayo.

Na kwa mwenye zizi ninasema hivi. Bunduki moja ya siri mkononi mwa mtu asiyefunzwa hailizuii kundi la watu ishirini waliozoea silaha. Humfanya awe wa kwanza kulengwa. Kesho yake humfanya mtuhumiwa, na siku ya ugomvi wa shamba kati ya ndugu humfanya muuaji. Unachostahili ni ulinzi wa dola uliofika kijijini kwako, na mlinzi jirani yako aliyefunzwa, anayejulikana, anayelipwa na anayewajibika. Kukudai uweke silaha chini bila kukupa hayo ni udhalimu, na mimi sitashiriki kukudai hivyo.

Tufanye nini

Kwanza, kibali kibaki, na kipimo cha ustadi kiwe kitu cha kweli. Bodi imepewa jukumu hilo tangu 2014. Kila anayehuisha cheti asimame uwanjani mbele ya mkufunzi, aonyeshe kwamba bado anaijua silaha yake, na ajibu maswali ya sheria. Anayeshindwa arudi kujifunza, na silaha isubiri.

Pili, darasa lisogezwe karibu. Uwanja unaojulikana zaidi na raia wanaolenga shabaha uko Kirigiti, Kiambu. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki kwa miaka mingi, na vikosi vya polisi vina wakufunzi katika eneo hili. Uwanja mmoja uliosajiliwa, kati ya kaunti zetu, ungeondoa kisingizio cha umbali.

Tatu, polisi wa akiba asikabidhiwe risasi kabla ya kumaliza mafunzo, na mafunzo yarudiwe kila mwaka. Alipwe posho inayofika kwa wakati, awe na bima, na silaha yake ihesabiwe pamoja na risasi zake. Mtu tunayemtaka afe kwa ajili yetu hawezi kuendelea kuitwa wa kujitolea milele.

Nne, mlango wa kusalimisha silaha haramu usifungwe. Serikali ilichoma silaha 5,250 huko Ngong mwezi Novemba 2016, nyingi zikiwa zimetwaliwa au kusalimishwa. Hapa Meru tuna Njuri Ncheke, baraza ambalo neno lake bado lina uzito. Mzee anaweza kupokea siri ambayo afisa hawezi kuipokea. Apewe njia ya kisheria ya kuleta silaha bila kumpeleka aliyeitoa kizimbani, na katika siku hiyohiyo doria ifike katika kijiji kilichoisalimisha. Vitu hivyo viwili vikiachana, hakuna atakayejitokeza mara ya pili.

Tano, na hili linawahusu akina mama hasa, familia ya mwenye silaha halali ifundishwe pamoja naye. Mke, watoto wakubwa na mfanyakazi wa nyumbani wajue silaha inafungiwa wapi, na wajue wa kumpigia simu iwapo mwenye nayo amelewa au akili yake imevurugika. Cheti ni cha mtu mmoja. Hatari inayokuja nayo inaikuta nyumba nzima.

Sheria ya polisi ya 2011 inaunda Mamlaka ya Polisi ya Kaunti, inayoongozwa na gavana, yenye maafisa wa usalama na wawakilishi wa wananchi. Ulinzi ni kazi ya serikali ya kitaifa, lakini meza hiyo ni ya kwetu. Nawaomba ninyi mlio hapa, wa Meru kwa wa Embu, mwandike na mdai majibu ya maswali matatu: ni wenye silaha wangapi waliopimwa ustadi katika eneo letu mwaka huu, ni polisi wa akiba wangapi waliomaliza mafunzo kabla ya kupewa bunduki, na uwanja wetu wa mafunzo utajengwa lini. Mjibiwe kwa takwimu na tarehe. Msipojibiwa, muulize tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata, kwa majina yenu na saini zenu.